Leza, plazima na kelele: yanayodhaniwa na yalivyo

Kila aya hapa inaanza na jambo linalodhaniwa kuhusu kelele, yaani yumbayumba na mwanga wa ziada unaovuruga kipimo. Leza ikiwa na nguvu zaidi, kelele itaisha. Haiishi. Anayepima joto la plazima (gesi ya moto ambayo elektroni zake zimeachana na atomi) kwa mtawanyiko wa Thomson hupiga leza ndani yake, kisha hunasa mwanga uliotawanywa na elektroni. Mwanga huo ni haba kupindukia. Plazima ikiwa na elektroni 10¹⁹ kwa kila mita ya ujazo, kutoka sentimita moja ya njia ya leza hunaswa fotoni (chembe ya mwanga) kama moja katika kila trilioni 100. Pigo, yaani mmweko mmoja, la jouli 1 la leza ya nanomita 1064 lina fotoni kama 5 × 10¹⁸, basi zinazopatikana ni makumi ya maelfu tu. Ukizidisha nguvu, mwanga unaodunda kwenye kuta na madirisha ya chombo nao unazidi vilevile.

Kelele ni kelele, chujio moja latosha. Hapa wengi hupotea, kwani kelele ina vyanzo kadhaa. Fotoni hufika kwa bahati nasibu: ukihesabu 10,000, yumbayumba ni 100, yaani asilimia 1, ukihesabu 100, ni asilimia 10. Plazima nayo inawaka yenyewe. Mwanga wake hupimwa kabla ya pigo na kutolewa, ila mtikisiko wake hubaki. Lakini mwanga unaodunda ukutani hurudi uleule kila pigo, hivyo wastani hauufuti. Huo hupimwa kwa kupiga leza chombo kikiwa kitupu, na kichujio cha mwanga huuzuia kwenye urefu wa wimbi wa leza. Habari za joto zimo pembeni mwa hapo, kwa sababu mbio za elektroni hutanua spektra, yaani mtawanyo wa urefu wa mawimbi ya mwanga.

Mchoro laini ndio sahihi. Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana inapendeza macho. Kulainisha hushusha vilele, na ukingoni mwa plazima, joto linapoporomoka ghafla, huonyesha mteremko wa upole usiokuwepo. Afadhali utumie unachokijua: umbo la pigo, la nanosekunde 10 hivi, linajulikana tangu mwanzo. Lilinganishe na ishara iliyopimwa, utafute kimo chake tu.

Wastani wa mapigo mengi hauna hasara. Si hivyo daima: mapigo 100 hupunguza kelele ya bahati nasibu mara 10, lakini mradi tu plazima haikubadilika.

Mtandao wa neva (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) hurejesha kilichopotea. Haurejeshi: mtandao huo hujaza pengo kwa mifano uliyofunzwa nayo. Upe ishara ya kutunga yenye joto unalolijua, iliyochanganywa na kelele halisi ya chombo chako, uone unakurudishia joto gani.