Si kila riwaya iliyokatwa vipande ni hadithi ya mfululizo

Hadithi ya mfululizo ni kazi ya kubuni inayowafikia wasomaji kwa mara ya kwanza ikiwa katika sehemu, sehemu hizo zikitoka kwa vipindi vinavyojulikana, na kila moja ikiitegemea iliyotangulia. Ikitumwa katika jarida la barua pepe maana haibadiliki: msomaji hujiandikisha, sehemu mpya huingia katika kisanduku chake siku iliyoahidiwa, naye husubiri inayofuata. Maana yenyewe haina ugumu. Kinachochosha ni jinsi jina hili linavyobandikwa siku hizi juu ya kila kitu chenye namba ya sehemu, mpaka msomaji hajui tena anaahidiwa nini.

Wapo wanaoliita hivyo kundi la vitabu vyenye mhusika mmoja. Vitabu vya Elvis Musiba vinavyomhusu mpelelezi Willy Gamba havimo katika aina hii, kwa sababu kila kimoja kina kisa kinachoanza na kukoma ndani ya jalada lake, na mtu anaweza kuanza na chochote akipendacho. Lakini aliyekuwa akifuatilia hadithi za magazeti ya Dar es Salaam, zile zilizokuwa zikimalizikia kwa neno "Itaendelea", akikosa toleo moja alilazimika kumtafuta mwenzake amsimulie kilichotokea. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Linalohitaji maelezo ni la mtu mwenye riwaya iliyokamilika, pengine hata imekwisha kuchapishwa, ambaye huikata kila yanapotimia maneno elfu moja na kuituma kwa waliojiandikisha. Mkato huangukia popote: katikati ya mazungumzo, au kabla mgeni aliyebisha hodi hajafunguliwa mlango, na si kwa sababu mwandishi anataka kujenga taharuki, bali kwa sababu hesabu ya maneno imefika. Huko ni kugawa maandishi. Tangu mwaka 2021 lipo jarida la barua pepe liitwalo Dracula Daily, ambalo huchukua Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, iliyoandikwa kwa mtindo wa barua na shajara zenye tarehe, na kuwatumia wasomaji kila kipande katika tarehe yake, kuanzia Mei 3. Ni wazo zuri sana na limewapa watu wengi sababu ya kusoma kitabu ambacho huenda wasingekigusa. Hata hivyo riwaya ile ilitoka ikiwa kitabu kizima, na kuisoma kwa kufuata kalenda, hata kukiwa na raha kiasi gani, hakuigeuzi kuwa kitu ambacho haikuwa.

Hapa huja pingamizi ambalo ni la haki: je, ni lazima mwandishi awe bado anaandika wakati wasomaji wanasoma? Si lazima. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, alipendelea kumaliza muswada wote kabla sehemu ya kwanza haijatoka, na hakuna anayedai kwamba riwaya zake zilizotoka magazetini hazikuwa za mfululizo. Alijua tangu mwanzo kwamba kazi itasomwa kwa mapumziko, akapima kila sehemu ili istahili kungojewa. Mwandishi anayelimbikiza sura kumi kabla ya kutuma ya kwanza, kwa hofu ya kuugua au kukaukiwa, anafanya busara hiyohiyo.

Pamoja na hayo, mfululizo una sharti moja ambalo mkataji wa riwaya hakutani nalo: kilichokwisha kutoka hakirudi. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipokuwa akitoa riwaya yake David Copperfield katika matoleo ya kila mwezi, kuanzia Mei 1849, alimwingiza katika toleo la Desemba mhusika aitwaye Miss Mowcher, mwanamke mfupi mno wa kimo, aliyeelekea kuwa mtu wa hila. Jirani yake mmoja alijitambua katika picha ile, akaumia, akalalamika. Dickens hakuweza kuyakusanya matoleo yaliyokwisha kuuzwa. Alichoweza ni kumrudisha Miss Mowcher katika toleo la Machi 1850 akiwa mwanamke mwema, anayelalamika kwamba watu humhukumu kwa umbo lake. Kosa lilisahihishwa ndani ya hadithi, kwa kuwa nje ya hadithi hapakuwa na njia.

Barua pepe inafanana na toleo lile kuliko tovuti inavyofanana nalo. Ukurasa wa tovuti waweza kurekebishwa usiku na asubuhi hakuna anayejua. Sura iliyotumwa kwa barua pepe imekwisha kukaa katika visanduku vya watu, na mwandishi akibadilisha jina la mjomba katika nakala ya kumbukumbu iliyoko kwenye tovuti, baadhi ya wasomaji watabaki na mjomba wa zamani. Afadhali atafute sababu ndani ya sura inayofuata kwa nini mjomba ana majina mawili, na mara nyingine sababu hiyo huwa ndiyo sehemu bora ya hadithi.

Sharti la pili ni hatari ya kutofika mwisho. Mwaka 2000 mwandishi Mmarekani Stephen King alianza kuuza riwaya yake The Plant sehemu kwa sehemu kupitia intaneti, kwa masharti kwamba angeendelea ikiwa wasomaji wengi wangelipa. Akasimama baada ya sehemu ya sita, na hadithi haijakamilika. Anayelipia jarida kila mwezi kwa ajili ya hadithi ya mfululizo amekubali hatari hiyo akijua, na hilo ni sehemu ya makubaliano yao.

Kwa hiyo mwandishi anayetuma sura tatu za kitabu kilichokwisha kuingia dukani, kisha ya nne ikawa ni bei na mahali pa kukinunua, hajafanya kosa lolote la kibiashara. Jina linalofaa kwa alichotuma ni dondoo, na akiliandika hivyo juu ya barua ya kwanza, wasomaji hawataisubiri sura ya nne.