Nani asahihishe insha?

Watu huniuliza, si unafundisha uandishi, basi si ndo fasihi hiyo hiyo? Nacheka tu. Nimefundisha idara ya Kiingereza Marekani miaka kadhaa na nakwambia ni nyumba moja, vyungu viwili.

Turudi kidogo chuo kikuu cha Harvard. Francis James Child alipewa uprofesa wa retorika, yaani ufundi wa kusema na kuandika kwa kushawishi, mwaka 1851, na kazi kubwa ikawa kusahihisha insha, rundo baada ya rundo, miaka 25, huku moyo wake uko kwenye nyimbo za kale za Uingereza na Uskoti. Mwaka 1876 chuo kingine, Johns Hopkins, wakamtaka, Harvard kuona hivyo wakamtua mzigo wa insha na kumpa uprofesa wa Kiingereza. Yaani bakshishi ya kubaki ilikuwa kutosahihisha tena! Nyimbo akazikusanya kweli, 305, lakini insha hazikwisha, zikamwangukia mwalimu mwingine wa hapo, Adams Sherman Hill, na kufika 1885 zikawa na kozi yake ya mwaka wa kwanza.

Kinachochekesha ni kwamba mtihani wa kuingilia hapo hapo Harvard, tangu 1874, ulitaka insha kuhusu vitabu vya fasihi, Shakespeare akiwemo. Mtoto anahangaika na tamthilia yake ya Julius Caesar, msahihishaji anatafuta nukta na tahajia. Mchanganyo huo bado tunao. Mwanafunzi kaandika kuhusu Brutus, mmoja wa wanaomuua Caesar, "Brutus ni mtu mzuri kwa sababu anaipenda Roma". Mtu wa fasihi atauliza, anaipenda kweli au anajidanganya? Mimi nitauliza, mzuri kivipi, na unamwambia nani ambaye bado hajakubali? Maswali yote mawili mazuri, ila la kwangu halina maana kama sitamrudishia aandike tena, halafu nisome tena.

Na hapo ndo ugomvi wa uandishi na fasihi ulipo, nani abebe kazi hiyo, mengine mbwembwe. Madarasa manne, wanafunzi 20 kila moja, insha nne kwa muhula, hizo ni 320, ukitumia dakika 20 kila moja umeshapita saa 100 na bado hujaandaa somo, na wanaozibeba mara nyingi ni walimu wa mkataba na wanafunzi wa uzamili, sio maprofesa wenye ajira ya kudumu.

Juzi mwenzangu wa fasihi kanilalamikia koridoni, eti wanafunzi wenu hawajui kuandika. Nikamuuliza yeye huwapa insha ngapi. Moja, mwisho wa muhula, na wengine hata hawaji kuichukua.