Kufilisika si kudoda

Katika kibanda cha gemu kilicho jirani na nyumbani kwangu, ambako vijana hulipia mechi moja moja na kumwachia kiti anayefuata, nilimsikia kijana mmoja akimfundisha mdogo wake kwamba Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, imefilisika, kama ilivyofilisika kampuni ya Sega zamani, na kama kampuni ya Nintendo ilivyofilisika wakati wa mashine yake ya Wii U kabla ya kufufuka. Aliyatoa madai hayo matatu kwa mkupuo mmoja huku macho yake yakiwa kwenye skrini, na hakuna hata moja lililo kweli. Nisingejisumbua kuandika kama angekuwa peke yake, lakini neno hili nimelisikia likitumiwa hivyo na watu wazima na watangazaji, kila mara kwa ujasiri uleule.

Maana yenyewe haihitaji maelezo mengi. Kufilisika ni kufikia hali ambayo mtu au kampuni haiwezi kulipa inachodaiwa, ama kwa sababu madeni yamezidi mali, ama kwa sababu siku ya kulipa imefika na fedha hazipo, hadi sheria inaingia kati ili kilichobaki kigawanywe kwa wanaodai. Kupata hasara ni jambo jingine, na kushindwa na mshindani ni jingine tena. Palipo na kufilisika lazima pawe na mdai, na hiki kiungo cha mdai ndicho ambacho mazungumzo ya vibandani hukisahau.

Asili ya neno inastahili kukaliwa kitako zaidi. Mzizi wake ni wa Kiarabu: fals, ambalo wingi wake ni fulus, sarafu ndogo ya shaba ambayo Waarabu waliirithi, jina na kitu chenyewe, kutoka kwa Warumi wa Mashariki walioiita follis. Katika Kiswahili neno hilo lilibaki kuwa fulusi, kwa maana ya fedha kwa jumla, na wapo wazee wa pwani ambao bado wanalitumia. Kutoka kwenye sarafu hiyo likazaliwa tendo aflasa, na aliyefikwa na hali hiyo akaitwa muflis. Wanakamusi wa Kiarabu wamelieleza tendo hilo kwa njia mbili. Wa kwanza wanasema ni kufikia hali ya kuambiwa kwamba huna hata falsi moja. Wa pili wanasema ni kuwa na dirhamu, yaani sarafu za fedha nyeupe, kisha ukabakiwa na fulusi za shaba tu. Ndugu zetu walioko Dubai wanaweza kuipima tofauti hiyo mfukoni mwao hadi leo, kwa kuwa dirhamu moja ya huko ni falsi 100.

Maelezo ya pili yananipendeza zaidi, ingawa sina budi kukiri kwamba yanampa yule kijana nguvu kidogo. Kama kufilisika kwa asili ni kuteremka kutoka kwenye dirhamu hadi kwenye fulusi, basi kampuni kama Nintendo, iliyouza mashine zaidi ya milioni 100 za aina moja, kisha ikauza milioni 13 na ushei za aina iliyofuata, inaweza kusemwa kuwa imeteremka kutoka kwenye fedha hadi kwenye shaba. Hata hivyo, neno likishahama halilazimiki kubeba kila mzigo wa kwao, na hata huko kwao halikubaki na maana hiyo peke yake. Katika hadithi maarufu iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume aliwauliza masahaba kama wanamjua muflisi ni nani, nao wakajibu kuwa ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja siku ya kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, akala mali ya yule na akampiga mwingine, kisha mema yake yatachukuliwa na kugawiwa hao aliowadhulumu mpaka yaishe kabla deni halijaisha. Ukiisoma vizuri, utaona kwamba hata katika mahakama hiyo muflisi hapatikani bila ya wadai kuwapo na mgawanyo kufanyika. Mtu hakuitwa muflisi kwa sababu jirani yake alisali zaidi yake.

Kiswahili nacho kimelinyoosha neno kwa utaratibu mzuri ambao tunauvuruga bila sababu. Tunayo kufilisi, yaani kutwaa mali ya mtu kwa ajili ya deni. Kufilisiwa, ambapo yuko mtu aliyelitenda jambo hilo. Na kufilisika, ambapo tunaitazama hali yenyewe bila kumtaja aliyeisababisha. Tunaye mfilisi, ambaye ni ofisa anayekusanya mali ya kampuni iliyoanguka na kuwalipa wanaodai, na tunaye muflisi, ambaye ndiye aliyeanguka. Niliwahi kusoma gazetini kwamba kampuni fulani ya usafirishaji “imetangazwa kuwa mfilisi”, nikabaki nikijiuliza ni lini wenye malori walipandishwa cheo. Nchini Tanzania kuna hata ofisi ya serikali yenye neno hili katika jina lake, nayo ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Watu wengi huifahamu kwa vyeti vya kuzaliwa, wakaruka neno la katikati. Kwa utaratibu huohuo, kusema “Sony iliifilisi Sega”, kwa kuwa PlayStation ya Sony iliishinda sokoni, ni kumpa mshindani kazi ya mfilisi. Mshindani hukunyang’anya wateja, lakini hana hati ya kuingia ghalani kwako na kupiga mali yako mnada.

Sasa turudi kwenye hizo kampuni, tukianza na Nintendo kwa kuwa ndiyo iliyozikwa mara nyingi zaidi ikiwa hai. Kampuni hiyo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata, na mashine za gemu ni biashara ya uzeeni kwake. Wii, iliyotoka mwaka 2006, iliuza zaidi ya milioni 101. Mwaka 2011 ilitoa 3DS, mashine ya kushika mkononi, kwa yeni 25,000, na kabla ya miezi sita kutimia ikalazimika kuishusha hadi yeni 15,000 kwa kuwa wanunuzi hawakujitokeza. Yeni nayo ilikuwa imepanda thamani, kwa hiyo mauzo ya Marekani na Ulaya yalipungua uzito kila yalipobadilishwa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ulifungwa kwa hasara ya yeni bilioni 43.2, hasara ya kwanza ya mwaka katika takriban miaka 30. Kisha mwezi Novemba 2012 ikaja Wii U, ambayo wanunuzi wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo tayari. Kosa hilo lilikuwa la jina kabla ya kuwa la mashine, na mtu anayejali maneno hawezi kulipita bila kutabasamu.

Mwezi Januari 2014 rais wa kampuni, Satoru Iwata, alitangaza kwamba matarajio ya kuuza Wii U milioni 9 katika mwaka ule wa fedha yameshushwa hadi milioni 2.8, na akajikata nusu ya mshahara wake kwa miezi mitano. Hapo ndipo watu walipoanza kuandika tanzia. Washauri wa kujitolea walijaa kila pembe, wakiitaka kampuni iache kutengeneza mashine na ihamishie gemu zake kwenye simu za wengine, kama ilivyofanya Sega. Mwaka huo ulifungwa kwa hasara ya yeni bilioni 23.2. Hizo ni fedha nyingi, na sitaki kuzipunguza, lakini hesabu ya hasara inasema fedha zilizotoka zimezidi zilizoingia katika kipindi fulani. Haisemi ghalani mlikuwa na nini kabla ya kipindi hicho. Nintendo ilikuwa na akiba ya mamia ya mabilioni ya yeni, na haikuwa imeelemewa na mikopo ya benki. Hasara ya kiasi kile ingeweza kurudiwa miaka kadhaa na bado kusiwe na mdai wa kubisha hodi. Mwenye ghala lililojaa akivuna magunia machache mwaka wa ukame, tunasema mavuno yake yamekuwa mabaya, hatusemi amefilisika.

Umma huohuo unaweza kukosea kwa upande wa pili pia. Mwezi Julai 2016, gemu ya Pokémon Go ilipoenea, watu walizigombania hisa za Nintendo hadi bei ikapanda takriban maradufu. Kampuni ikalazimika kutoa taarifa kwamba gemu hiyo imetengenezwa na kampuni nyingine, Niantic, na kwamba mchango wake katika hesabu za Nintendo utakuwa mdogo, na siku ya kwanza ya soko baada ya taarifa hiyo hisa zikaanguka karibu asilimia 18. Kilichokuwa kimepanda ni dhana, na kilichoshuka ni dhana. Mashine iliyoirithi Wii U, Switch, ilitoka Machi 2017, baadaye ikavuka mashine milioni 150, na leo waliokuwa wakiandika tanzia wanaandika wasifu.

Kisa cha Sega kinakaribia zaidi neno lenyewe, na ndiyo maana kinahitaji uangalifu. Sega ilitangaza mwishoni mwa Januari 2001 kwamba itaacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast, baada ya miaka kadhaa ya hasara za mfululizo, na kwamba itabaki kutengeneza gemu kwa ajili ya mashine za wengine. Hali yake ilikuwa mbaya kweli, na mdai alikuwapo, lakini mdai huyo alikuwa Isao Okawa, rais wa kampuni yenyewe. Alikuwa ameikopesha Sega dola milioni 500 mwaka 1999, na muda mfupi kabla ya kufariki mwezi Machi 2001 aliisamehe deni lake na kuirudishia hisa zake zenye thamani ya takriban dola milioni 695. Mdai akisamehe, mfilisi anakosa kazi. Sega ikaendelea, ikaungana na kampuni ya Sammy mwaka 2004, na Sonic, mhusika wake maarufu wa gemu, akahamia kwenye mashine za Nintendo, jambo ambalo miaka michache kabla lingeonekana kama Simba kuhamia Jangwani kwa Yanga. Iliacha biashara ya mashine. Kujitoa sokoni kwa miguu yako ni tofauti na kutolewa na mahakama.

Anayetaka mfano wa kampuni ya gemu iliyofika mahakamani kweli amtafute Atari, na hata huko atakuta mambo si mepesi. Januari 2013, Atari ya Marekani iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, lakini hiyo ilikuwa kampuni iliyolirithi jina baada ya jina hilo kupita mikononi mwa wengi, si ile iliyoleta mashine majumbani miaka ya 1970. Isitoshe, ilichoomba ni nafasi ya kupanga upya madeni yake huku ikiendelea kufanya kazi, na ilitoka ikiwa hai.

Kuhusu Xbox sina haja ya kusema mengi. Ni idara ya Microsoft, na idara haidaiwi peke yake. Ni kweli kwamba mauzo ya mashine zake yamedorora, na kwamba tangu mwaka 2024 gemu zilizokuwa zake pekee zimeanza kutolewa kwenye PlayStation 5. Mtu anaweza kuhoji kwa haki kama Microsoft itaendelea kutengeneza mashine kwa muda mrefu. Lakini hiyo ni kampuni iliyoinunua Activision Blizzard, kampuni ya kutengeneza gemu, mwaka 2023 kwa takriban dola bilioni 69, na muflisi hanunui vitu vya bei hiyo.

Yule kijana nilimweleza sehemu ndogo tu ya haya, mechi yake ilipokwisha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: “Sasa mjomba, Wii U niiseme vipi?” Nikamwambia kuwa neno analo tayari, ila hajawahi kulitumia hapa: Wii U ilidoda. Bidhaa hudoda, ikabaki rafuni hadi ikaota vumbi, na mwenye duka akaendelea kufungua duka lake asubuhi. Akacheka, akasema kama zile jezi za msimu uliopita zilizoning’inia pale kwa fundi cherehani. Nikamwambia ndiyo, kama zile jezi. Kuhusu Sega alisema angependa kuliangalia jambo hilo mwenyewe kwanza.