Kangaga mti sio mnazi wa porini jamani

Watu wengi wakipita kwenye misitu ya Usambara au Kilimanjaro wakakuta ule mmea mrefu kando ya kijito, shina lina miiba na majani yametandaza kama mwavuli, wanasema huo ni mnazi pori. Hapana. Ni kangaga mti, kitaalamu Cyathea manniana, na hauna undugu wowote wa karibu na mnazi.

Angalia jani changa pale juu, limejikunja kama konokono. Mnazi haufanyi hivyo. Halafu geuza jani lililokomaa, chini utaona vidoti vya kahawia vimejipanga, wengine wanadhani ni mayai ya wadudu au ugonjwa, kumbe ndo vifuko vya spora, yaani chembe ndogo kama vumbi ambazo mmea huu unazaliana kwazo. Huu mmea hautoi ua wala tunda wala mbegu, spora inapeperushwa na upepo, ikiangukia penye unyevu inaota kijimea kidogo mno cha milimita chache tu, na hapo ndo chembe ya uzazi ya kiume inaogelea, yaani inaogelea kabisa kwenye tone la maji mpaka ilifikie yai.

Ndo maana unaukuta mabondeni penye ukungu na vijito. Ukifyeka miti inayoupa kivuli, pakakauka, vichanga vinakosa pa kuanzia.