Bidhaa Imekufikia Kabla ya Siku Yake: Kosa la Nani?

Umeagiza kitu, umelipa, kikakufikia wiki nzima kabla ya tarehe iliyotangazwa. Unafurahi, unakifungua. Mara hodi mlangoni: wenye kampuni wanakitaka. Hapo ndipo maneno huanza, na mengi hayana msingi.

Dhana: Aliyekipata mapema ana hatia.

Ahadi ya kutouza kabla ya tarehe huwekwa kati ya kampuni na duka, au kampuni na msambazaji. Mnunuzi hakuwepo walipokubaliana, hajasaini kitu, mkononi ana risiti tu. Kosa hutokea ghalani au kaunta, mtu anapofungua katoni bila kusoma kilichoandikwa juu yake.

Julai 2005, duka kuu moja huko Coquitlam, British Columbia, Kanada, liliuza nakala 14 za riwaya ya *Harry Potter and the Half-Blood Prince* siku chache kabla ya tarehe 16, siku yake rasmi. Mchapishaji, Raincoast Books, alikimbilia mahakamani na kupata amri: wanunuzi wasikinakili kitabu, wasikiuze, wasikizungumzie, na hata kukisoma wasikisome mpaka siku ifike. Yaani kitabu umekilipia, kipo mezani sebuleni kwako, na jaji amekukataza kufunua ukurasa wa kwanza. Kwamba duka liliteleza, sawa. Lakini kumfunga macho msomaji ndani ya nyumba yake? Si ajabu wapo wanasheria Kanada waliohoji hadharani.

Dhana: Kampuni hukasirika kulingana na hasara.

Nikitazama matukio, naona hukasirika kulingana na nguvu za aliye mbele yao.

Aprili 2023, Mmarekani mmoja anayetengeneza video za mchezo wa karata wa Magic: The Gathering alifungua mbele ya kamera pakiti za toleo la *March of the Machine: The Aftermath*, ambalo lilikuwa litoke Mei 12. Toleo lililotangulia, *March of the Machine*, lilikuwa limeingia madukani mwezi huohuo wa Aprili. Soma majina hayo mawili tena, halafu uniambie kama mwenye duka hawezi kuchanganya katoni. Kampuni ya Wizards of the Coast, inayotoa mchezo huo, ikatuma wapelelezi wa kampuni ya Pinkerton nyumbani kwake, na karata zikachukuliwa. Baadaye alisimulia kwamba mkewe aliangua kilio. Na jina la Pinkerton si jina la kubisha nalo hodi: mwaka 1892 watu wa kampuni hiyo walirushiana risasi na wafanyakazi waliogoma katika kiwanda cha chuma cha Homestead, Pennsylvania.

Sasa linganisha na Septemba 2019. Amazon iliwatumia wateja wake Marekani mamia ya nakala za *The Testaments*, riwaya ya Margaret Atwood, kama wiki moja kabla ya tarehe 10. Mchapishaji alifanya nini? Alitoa taarifa fupi kwamba nakala chache zimetoka mapema kwa kosa la muuzaji. Hata jina la Amazon hakulitaja. Hakuna mpelelezi aliyeonekana. Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa kuzitetea kampuni hizi.

Dhana: Siri ikivuja, mauzo yamekufa.

Kile kitabu cha Coquitlam kiliuza nakala milioni 6.9 Marekani pekee katika saa 24 za kwanza. *Spare*, kitabu cha maisha ya Prince Harry wa Uingereza, kilionekana kwenye maduka ya Hispania Januari 2023, siku tano kabla ya wakati, na magazeti yakakichambua mpaka yakachoka. Siku ya kwanza rasmi ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 1.4 Marekani, Kanada na Uingereza. Ni kweli hao ni majabali. Mwandishi asiyejulikana hana kinga hiyo. Ila kwa kawaida wenye kupiga kelele si hao wadogo.

Dhana: Basi tarehe ya kutoka ni maringo tu.

Hapana, na hapa wanaozilaumu kampuni kwa kila kitu nao wanakosea. Tarehe moja kwa wote humpa mwenye duka dogo nafasi sawa na jitu la mtandaoni. Mwaka ule wa 2019, wauza vitabu wadogo wa Marekani walikuwa wameahidi kwa maandishi kutouza mapema. Katoni zao za Atwood zilikaa zimefungwa huku wateja wakipokea kitabu kilekile kwa posta. Walikasirika sana, na walikuwa na haki. Lakini lawama zao hazikwenda kwa msomaji aliyefungua kifurushi. Zilikwenda kwa aliyekituma.