Mapambo ya Sikukuu Kutokana na Vitu Vilivyokwisha Kutumika Nyumbani

Mapambo yanayotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika huonekana duni si kwa sababu vitu vyenyewe ni duni, bali kwa sababu makopo, chupa, magazeti na vipande vya nguo vimerundikwa pamoja bila mpango, kila kimoja na rangi yake. Kwa kuwa kazi yangu ni kubuni na kufundisha mapambo, huwashauri wanafunzi wangu wachague kitu kimoja, wakijue tabia yake, kisha wakirudie mara nyingi. Kiini cha karatasi ya chooni kikitundikwa peke yake hubaki kuwa kiini cha karatasi ya chooni; lakini vikikusanywa kadhaa, vikabanwa bapa na kukatwa vipande vya upana wa sentimita 1, kila kipande huwa na umbo la jani, na majani matano yakiunganishwa nchani huwa ua. Maua hayo yakipakwa rangi moja na kupangwa ukutani, mtazamaji huona mchoro kabla hajatambua yametokana na nini.

Karatasi ndiyo ninayoipenda kuliko vyote, na ndiyo inayohitaji kueleweka zaidi. Karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, maana nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Chana gazeti kuelekea pande zote mbili: upande mmoja litachanika kwa mstari ulionyooka, na upande wa pili litapinda ovyo. Mstari ule ulionyooka ndio unaoonyesha mwelekeo wa nyuzi. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo hutoka mkali na safi. Ukikunja kwa kuzikata, karatasi hupasuka juu ya mkunjo, hasa ikiwa ni nene kama jalada la jarida. Kwa hiyo, vipande vya kutengenezea mnyororo wa pete za karatasi vikatwe ili nyuzi zipite kwenye upana wake, si kwenye urefu, na pete zitakuwa mviringo bila kulazimishwa. Nimeona watu wakilaumu gundi ilhali kosa lilikuwa kwenye mkato.

Gundi yenyewe haina haja ya kununuliwa. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, kisha umimine mchanganyiko huo katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukiendelea kukoroga, mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Chumvi kidogo husaidia kuchelewesha ukungu. Ipake nyembamba, kwa sababu maji mengi huvimbisha nyuzi na karatasi hukunjamana inapokauka. Gundi hiyohiyo hufaa kwa tufe la uzi: loweka uzi wa pamba, uuzungushe juu ya puto lililojazwa hewa na kupakwa mafuta kidogo, uache ukauke kabisa, kisha utoboe puto na kulitoa.

Makopo ya bati hutengenezewa taa zenye matundu, na hapa wengi hushindwa kwa sababu kopo tupu likipigwa msumari hubonyea. Dawa yake ni barafu. Jaza kopo maji, ukiacha nafasi juu, kwa kuwa maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takribani asilimia 9, kisha uliweke katika friza mpaka yagande kote. Likishakuwa gumu, lilaze juu ya taulo lililokunjwa, ubandike karatasi yenye mchoro, na upige msumari kwenye kila alama, ukiacha kama sentimita 1 kati ya tundu na tundu ili bati lisichanike. Kitako kikivimba, kigonge kirudi baada ya barafu kuyeyuka. Likaushe mara moja, kwani msumari umetoboa tabaka linalozuia kutu, na usiingize vidole ndani, maana kingo za matundu huko ni kali.

Mshumaa unaruhusiwa ndani ya kopo au chupa ya kioo yenye mdomo mpana tu, nao usiachwe bila mtu wa kuuangalia. Katika mapambo yote ya karatasi, uzi au plastiki, tumia taa ndogo za LED, ambazo hutoa joto dogo. Katika hili sina mjadala.

Chupa za plastiki za soda zina kitako chenye mabonde matano, kwa hiyo ukikikata tayari una ua. Kinachobaki ni kulainisha kingo kwa msasa. Pakiti za maziwa nazo, zile zenye alumini ndani, zikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hutoa nyota za fedha bila rangi yoyote.

Ningeomba vimetameta viachwe. Ni chembe za plastiki, hudondoka kila mahali, na karatasi iliyonyunyiziwa haifai tena kurejelezwa, ilhali pambo la karatasi na gundi ya unga pekee linaweza kukatwakatwa na kuwekwa kwenye mboji. Ukitaka kulitunza hadi mwaka ujao, hakikisha limekauka kabisa, kisha ulifungie katika chombo chenye mfuniko unaobana, kwa sababu gundi ya unga ni chakula cha panya na wadudu.