Hewa Ukaa na Misitu ya Shehia: Kinachouzwa Si Msitu

Katika shehia zinazopakana na misitu ya jamii, Unguja na Pemba, sisi wa Idara ya Misitu tunaulizwa mara kwa mara fedha za hewa ukaa ziko wapi na kila mtu atapata ngapi, na wapo wanaolalamika kwamba Serikali imewauzia wageni msitu. Msitu haujauzwa, na tumekwisha kulieleza hilo mara nyingi. Kinachouzwa ni hati, na kila hati moja ni tani 1 ya hewa ukaa ambayo ingelikwenda angani lau miti ingelikatwa. Ardhi, miti na mizinga ya nyuki vinabaki vilipo.

Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu jamii kukabidhiwa msitu kwa mkataba, na mikataba mingi iliandaliwa chini ya mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza mwaka 2010. Shehia huunda kamati ya uhifadhi, mipaka ikapimwa mbele ya majirani, ukaandikwa mpango unaotenga eneo lisiloguswa na eneo linalokatwa kwa kibali, na baada ya hapo ndipo mkataba ukatiwa saini. Kibali hutolewa kabla ya kukata, si baada ya kukamatwa. Anayekata bila ya kibali huzuiliwa mzigo na kutozwa faini kwa kanuni za shehia, na akirudia hufikishwa mbele ya sheria.

Hesabu ya tani haiishii kwenye kupima kipenyo cha shina mita 1.3 kutoka ardhini. Mhakiki huru hutazama pia kiasi gani kingelipotea pasipo ulinzi, kwa hivyo msitu usiokuwa hatarini hauleti malipo makubwa, hata ukiwa mzito vipi. Tena mkaazi akiacha kukata kwao akaenda kukata kuni shehia ya jirani, tani zile huondolewa kwenye hesabu, na hii ni sababu moja ya shehia kuunganishwa chini ya JUMIJAZA, jumuiya ya jamii zinazohifadhi misitu Zanzibar.

Hapo Gazi, pwani ya Kenya, wanajamii wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zao zimeleta maji na kusaidia skuli; hazikugawiwa mkono kwa mkono.

Linalotutia uchungu zaidi ni muhali, yaani kuoneana haya. Kamati inayomuona mpwa wa mjumbe akishusha boriti za mikoko usiku ikanyamaza, imewapunguzia wenzao wote, na hasara hiyo itaonekana siku ya uhakiki. Na anayeletewa karatasi na mnunuzi asiitie saini. Aipeleke kwa sheha na kamati, kisha iletwe Idara ya Misitu, kwani mwenye mkataba ni jamii nzima, si mtu mmoja, wala si sheha peke yake.